Matairi ya kamionete ya koperative: tuchague yale yanayovumilia mawe na matope



Mtu anaweza kutuuliza: watu wa kilimo wanaingilia nini mambo ya matairi? Swali ni la haki. Jibu letu ni hili: kabichi iliyokatwa Kibumba asubuhi na kulala njiani haiulizi kama mbegu ilikuwa bora, wala kama mbolea ilitiwa kwa wakati. Inaoza tu. Tukikaa na makomite kupiga hesabu ya mwisho wa msimu, mara nyingi tunakuta kwamba hasara haikutoka shambani. Ilitoka kati ya shamba na soko. Na katika hasara ile, tairi, au pneu kama tunavyosema hapa Goma, lina sehemu yake.

Koperative moja tunayofanya nayo kazi ilinunua matairi manne ya bei ya chini kwa kamionete yake. Yalikuwa yanang'aa vizuri. Wiki tatu baadaye gari lilipakia kabichi na karoti kuja Goma. Jiwe la volkano likapasua ubavu wa tairi la nyuma. Shoferi akaweka gurudumu la akiba, lakini lile lilikuwa la zamani sana, limejaa nyufa. Halikumaliza hata kilometa kumi. Shoferi na wamama wawili waliosindikiza mzigo walilala kando ya barabara, chini ya mvua, na kila mtu hapa anajua kwamba usiku barabara zetu si mahali pa kulala. Asubuhi walipofika, mnunuzi alikuwa amekwisha kuchukua mzigo wa mtu mwingine. Mwekahazina wao alituambia: "Tulifikiri tumeokoa makuta, kumbe tulikuwa tunayatupa."

Makala hii ni kwa ajili ya komite zinazotaka kununua matairi bila kupitia njia ile. Hatutaji duka wala chapa. Tunataka mjue kuchagua wenyewe.

1. Anza na barabara, si na duka

Tunapofundisha kuchagua mbegu tunasema: jua kwanza udongo wako. Kwa tairi ni vilevile. Kamionete zetu zinapita juu ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga lava mpaka katikati ya mji wa Goma mwezi wa Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 lava ikashuka tena, ikakata barabara ya kwenda Rutshuru na kusimama karibu na Buhene. Jiwe la lava si kama jiwe la mtoni. Jiwe la mtoni limelainishwa na maji. La lava lina matundu na kingo kali kama chupa iliyovunjika. Linakata mpira polepole kwa mbele, na linapasua ubavu mara moja likiupata.

Cha pili ni matope ya milimani. Ukitoka Sake kupanda upande wa Masisi, udongo wa mfinyanzi ukinyeshewa unakuwa kama sabuni. Unajaza meno ya tairi, tairi linageuka kuwa mviringo laini, na gari linaanza kuteleza hata kama injini ina nguvu.

Cha tatu ni lami, na barabara ngumu zilizosawazishwa. Hapa tairi linapata joto, hasa gari likiwa limejaa na shoferi ana haraka.

Kabla ya kununua, komite iandike kwenye karatasi: kwa safari kumi, ngapi ziko kwenye mawe, ngapi kwenye matope, ngapi kwenye lami? Karatasi ile ndiyo itakayochagua tairi, si maneno ya muuzaji.

2. Aina tatu za matairi

Kwenye ubavu wa matairi ya kamionete mara nyingi utaona herufi mbili.

H/T ni tairi la barabara nzuri. Meno yake ni mafupi na yamekaribiana. Halipigi kelele, halinywi mafuta mengi, na kwenye lami linadumu. Lakini kwenye matope halishiki, na mpira wake mara nyingi si mnene wa kutosha kwa mawe yetu.

M/T ni tairi la matope. Meno yake ni makubwa, yameachana sana, na matope yanaruka nje gurudumu likizunguka. Kwa gari linaloishi milimani wakati wa mvua ni rafiki mkubwa. Lakini kwenye lami linaisha haraka, linapiga kelele, linaongeza mafuta, na lami ikiwa na maji linachelewa kusimama. Tena kwenye mawe makali, meno yale makubwa yanaweza kung'oka vipande vipande.

A/T ni tairi la kila njia. Liko katikati ya yale mawili. Halitashinda M/T kwenye matope, wala H/T kwenye lami, lakini linafanya kazi zote mbili bila kukuaibisha. Kwa koperative yenye gari moja tu linalotoka shambani, linapita mawe, na kuingia mjini, tunashauri A/T. Koperative ya milimani kabisa, ambayo gari lake haligusi lami ila mara moja kwa mwezi, inaweza kufikiria M/T.

Ukiangalia A/T, pitisha kidole kati ya meno. Mazuri mengi yana vijitutu vidogo chini ya mifereji. Kazi yake ni kusukuma nje vijiwe vinavyonasa mle. Kijiwe kikinasa na kukaa, kila mzunguko kinachimba kidogo, mpaka kinafikia nyuzi za chuma za ndani. Hapo maji yanaingia, chuma kinashika kutu, na tairi linakufa kutoka ndani wakati nje bado linaonekana zima.

3. Kusoma maandishi ya ubavuni

Watu wengi wanaangalia ukubwa tu. Kuna mambo mengine manne.

Tuchukue mfano: 205 R 16 C 110/108 R. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. R ya kwanza ni radial, yaani namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 16 ni kipimo cha janti kwa inchi. C inasema ni tairi la gari la mizigo. Mengine yameandikwa LT, maana yake karibu ile ile. Tairi lisilo na C wala LT mara nyingi limetengenezwa kwa gari la watu. Kwa mizigo ya koperative, liache dukani.

110/108 ni namba za uzito. Namba 110 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,060. 108 ni kilo 1,000 kwa kila tairi, pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja kama kwenye malori. Namba nyingine za kukumbuka: 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, 112 ni kilo 1,120. R ya mwisho ni mwendo: mpaka kilometa 170 kwa saa. Kwa barabara zetu herufi ile haitusumbui. Namba ya uzito ndiyo inatusumbua.

Utaona pia PR pamoja na namba, kwa mfano 6PR, 8PR au 10PR. Ni kipimo cha nguvu ya mwili wa tairi. Kwa kazi ya mizigo kwenye mawe, tafuta 8PR au zaidi.

La mwisho ni tarehe. Tafuta neno DOT, halafu namba nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hapo muuzaji hawezi kukudanganya juu ya umri. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani bila kutumika, na zaidi ukikaa juani. Tairi likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka. Likifika miaka kumi litolewe, hata kama meno bado yapo. Kumbukeni lile gurudumu la akiba la wenzetu: meno yalikuwa yote, lakini mpira ulikuwa umekufa.

4. Hesabu ya mzigo

Hapa tunakosea wengi. Kamionete ikiwa na ruhusa ya kubeba tani moja, hiyo ni gunia kumi za viazi zenye kilo 100, na hakuna mtu juu yake. Weka watu wanne juu ya gunia, umeongeza karibu kilo 260. Na sisi sote tunajua kwamba gunia za huku, zikisimamishwa na kushonwa kichwa, mara nyingi zinapita kilo 100.

Uzito ule haugawanyiki sawa. Sehemu kubwa inaangukia matairi mawili ya nyuma. Tuseme nyuma ya gari iliyojaa ina kilo 1,700: kila tairi linabeba 850. Tairi lenye namba 100, yaani kilo 800, tayari limezidiwa kabla ya kupanda mlima. Lenye 104 linatosha kwa shida. Lenye 110 lina nafasi ya kupumua, na nafasi ile ndiyo inalipa siku gurudumu moja linapoangukia shimo na kupokea uzito wa mwenzake.

Tairi lililozidiwa linajikunja sana kila mzunguko. Kujikunja kunaleta joto, na joto linaachanisha mpira na nyuzi. Ndiyo maana tairi linaweza kupasuka kwenye barabara nzuri, mahali hakuna jiwe. Watu wanasema ni bahati mbaya, lakini sababu ilipakiwa shambani asubuhi.

5. Ukubwa, upana na mpira wa ndani

Fuateni ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji wa gari. Uko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa shoferi, pamoja na upepo unaotakiwa. Vijana wanapenda matairi makubwa juu ya sura. Lakini tairi kubwa linachosha injini na breki, linadanganya saa ya mwendo, na linaweza kusugua mwili wa gari wakati wa kukata kona.

Upana nao si nguvu. Tairi jembamba linapenya matope mepesi mpaka kufikia ardhi ngumu iliyo chini, na linakutana na mawe machache. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi za kazi zilikuja na tairi la 7.50R16. Tairi pana linafaa zaidi kwenye mchanga.

Juu ya mpira wa ndani: kama janti yako inatumia mpira wa ndani, usiogope. Kwado yeyote wa kando ya barabara anaweza kuuziba. Tairi lisilo na mpira wa ndani linavuja polepole likichomwa na msumari, na linazibwa haraka, lakini ukingo wa janti ukipinda kwenye jiwe, upepo wote unatoka. Fuata janti yako, usichanganye. Ila jambo moja ni sawa kwa yote mawili: tairi lililopasuka ubavu halizibiki. Kiraka cha ubavuni ni cha kukufikisha kwa kwado anayefuata, polepole, bila mzigo, si cha kufanya nacho msimu. Kwa sababu hii, ukiwa dukani uliza kama ubavu una tabaka tatu au mbili, na bonyeza kwa mkono kulinganisha. Kwenye njia ya lava, ubavu ni wa maana kuliko meno.

6. Matairi ya okazioni

Hatuwezi kusema msinunue okazioni, maana makuta ni machache. Ila mkienda Birere au mahali pengine, fanyeni hivi:

- Someni DOT kwanza. Tairi la okazioni lenye miaka saba si bei nafuu, ni deni.
- Angalieni ndani ya tairi kwa tochi. Kiraka kikubwa, uvimbe, au unga mweusi wa mpira vinaonyesha kwamba lilitembea bila upepo.
- Pindeni ubavu kidogo. Nyufa ndogo ndogo zikifunguka, acheni.
- Tafuteni vijitutu vya alama kati ya meno, vinavyoonyesha milimita 1.6. Kama mifereji inaonekana mirefu lakini vijitutu vimekatwa, meno yamechongwa upya kwa kisu. Mpira uliobaki chini ni mwembamba.
- Msidanganywe na kung'aa. Rangi nyeusi haiongezi umri.

Shoferi mmoja alituambia: "Hii pneu iko nzuri, bado iko na meno." Tulipoangalia, ilikuwa imebaki milimita tatu. Kwenye lami kavu inatembea. Kwenye matope ya Masisi, chini ya milimita nne tayari unateleza. Tairi jipya la A/T kwa kawaida lina kati ya milimita 9 na 12.

Tairi lililokwisha halipotei bure: tunaona kila siku magurudumu ya chukudu yamevikwa mpira wake. Kazi ile linaiweza. Kubeba tani ya viazi na watu, hapana.

7. Bei ya kweli ni bei kwa kilometa

Bei zinabadilika, kwa hiyo chukueni mfano huu kama njia ya kuhesabu tu, na muweke namba zenu.

Tuseme tairi la kwanza ni dola 110 na linatembea kilometa 20,000. Manne ni dola 440. Gawanya: kila kilometa 1,000 inakula dola 22. Tairi la pili ni dola 190 na linatembea kilometa 45,000. Manne ni dola 760. Kila kilometa 1,000 inakula karibu dola 17. Lile la bei kubwa ndilo la bei ndogo. Na hatujaweka bado mzigo uliooza, siku ya shoferi, na mnunuzi aliyekwenda kwa mwingine.

Shida ni kwamba dola 760 haziko kwenye sanduku siku moja. Tunashauri kila safari itoe akiba ndogo ya matairi, iandikwe peke yake, isichanganywe na mafuta. Kwa mfano ule, dola 1.70 kwa kila kilometa 100 inatosha. Kama bado hazifiki manne, nunueni mawili ya namna moja na kuyaweka yote mawili nyuma. Msiweke jipya na la zamani kwenye ekseli moja. Kwa gari la 4x4, matairi yenye kimo tofauti mbele na nyuma yanaumiza gia pale mnapofunga 4x4 kwenye ardhi ngumu.

8. Upepo, kazi ya kila asubuhi

Tairi bora bila upepo sahihi ni bure. Nunueni manometa yenu. Ile ya kwado mara nyingi imeanguka chini mara nyingi. Pimeni asubuhi kabla ya kutembea. Tairi likiwa na moto, upepo unapanda wenyewe. Msiutoe, maana likipoa litakuwa chini. Kama manometa inasoma PSI na karatasi ya gari inasema bar, bar 1 ni PSI 14.5.

Gari likijaa, fuateni upepo wa mzigo, hasa nyuma. Kwenye mawe ya lava, upepo mdogo unafanya ubavu utokeze nje na kukatwa. Upepo wa kupita kiasi unafanya tairi liwe gumu na kuchanika likigonga ukingo. Njia ni ile ya karatasi, na mwendo wa polepole. Kwenye matope mazito, shoferi anaweza kupunguza kidogo, kama sehemu moja ya tano, ili tairi lishike. Lakini awe na pampu garini, na arudishe upepo kabla ya kuingia mawe au lami. Asiye na pampu asipunguze.

Kila kilometa 8,000 hivi, badilisheni nafasi za matairi mbele na nyuma. Tairi likiisha upande mmoja, pelekeni gari garaji kufanya paralelisme kabla ya kununua jingine. Jipya nalo litaliwa vilevile. Na gurudumu la akiba lipimwe pamoja na mengine.

Neno moja la kilimo hapa: msiingize kamionete iliyojaa ndani ya shamba lenye maji. Magurudumu yanakandamiza udongo, na mizizi ya msimu unaofuata inashindwa kupita. Mzigo ubebwe mpaka kando ya barabara.

9. Nani anaamua?

Kununua matairi kusiachiwe shoferi peke yake, wala rais wa koperative peke yake. Shoferi anajua barabara, mwekahazina anajua sanduku, na wamama wanaosindikiza mzigo wanajua gari linakwama wapi. Wakae pamoja. Waombe faktire proforma tatu, zenye ukubwa, namba ya uzito, PR na DOT. Matairi yakifika, wasome DOT tena kabla ya kulipa.

Halafu mfungue daftari la matairi: tarehe ya kununua, kilometa za gari siku ile, namba za DOT, kila kuzibwa, kila kuhamishwa. Baada ya mwaka mmoja daftari lile litawaambia tairi gani linaweza njia yenu kuliko sisi tunavyoweza kuwaambia. Wenzetu wale wa kabichi wamelifungua. Katika ziara yetu iliyopita, kabla hatujauliza juu ya mashamba, mwekahazina alitutolea daftari akasema: "Angalieni kwanza hii." Tuliangalia. Gurudumu la akiba lilikuwa limeandikwa kwenye mstari wa kwanza.